Nyama Niliiacha, Mbio Sikuziacha

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti mmoja anayecheza netiboli. "Shikamoo dada. Kwetu ni Wasabato, mama hapiki nyama, nimekua hivyo. Sasa kocha anasema nisipoanza kula nyama nisahau kikosi cha kwanza. Nifanyeje?" Niliusoma nikiwa ndani ya daladala, nikaurudia mara tatu, nikapitiliza kituo. Maneno hayo niliwahi kuambiwa mimi, tena mbele za watu.

Mdogo wangu, ngoja nikusimulie.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho, na kwetu kuacha nyama si jambo la kupita kimya kimya. Mwaka 2019 baba alishikwa na gauti mpaka kidole gumba cha mguu hakigusiki, daktari akamwambia nyama nyekundu basi. Nilimwona Krismasi ile amekaa pembeni na sahani yake ya kiburu, ndizi na maharage, huku wenzake wanagombania mbavu za mbuzi. Nikachukua sahani yangu nikaenda kukaa naye. Tangu siku hiyo sijala nyama, na baadaye nikaacha na samaki, mayai na maziwa. Shangazi zangu walisema nimerogwa na mtandao. Sikuwajibu.

Shida ilikuwa kwenye klabu yetu ya mbio. Kocha wetu wa wakati huo, nilipomweleza, aliniita mbele ya wenzangu asubuhi ya saa kumi na mbili akasema, "Huyu sasa anakula majani, tumwekee kamba tumfunge kwa mbuzi." Watu walicheka. Mimi nilifunga kamba za viatu nikakimbia kilomita zangu 12 bila kumwangalia mtu. Miaka imepita na kicheko kile bado nakisikia.

Lakini lazima niseme na kosa langu, kwa sababu wengi wanaoandika mambo haya hulificha. Niliacha nyama bila kuweka kitu mahali pake. Nilikuwa nakula ugali na mchicha, wali na kabichi, na kila mlo nashushia chai ya rangi ya moto. Maharage mara moja kwa wiki, nikikumbuka. Mwaka 2022 kwenye Kilimanjaro Marathon, mbio za nusu, yaani kilomita 21, nilifika kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka miguu ikakataa. Haikuuma. Ilikataa tu. Nikakaa kando ya barabara chini ya migomba, nikaangalia viganja vyangu: vyeupe kama vimepakwa unga. Mama mmoja akanimwagia maji kichwani. Nilirudi mjini nimepakiwa kwenye bodaboda.

Hospitali wakanipima wingi wa damu, ikaja 9.1. Kwa mwanamke inatakiwa isipungue 12. Waliokuwa wanacheka wakapata la kusema, "si tulikuambia?"

Muuguzi aliyenihudumia ndiye aliyeniokoa, kwa sababu hakunihubiria nyama. Aliniuliza nakunywa chai saa ngapi. Akanieleza kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage, na kwamba limau, chungwa au pera hufanya kinyume chake, huyasaidia kuingia. Akaniambia pia kuhusu vitamini B12: kwenye mimea haipo ya kutegemea, kwa hiyo asiyekula nyama, mayai wala maziwa hana budi kuimeza kama kidonge. Hakuna mchicha wala uyoga utakaokuondolea hilo. Nilikunywa vidonge vya kuongeza damu, chai nikaisogeza mbali na chakula angalau saa nzima, maharage nikaanza kuyakamulia limau.

Miezi iliyofuata sina la kusimulia, ni kuamka na kukimbia. Mwaka huu nimemaliza kilomita 21 zile zile kwa saa 1 na dakika 46. Mweka niliipanda bila kusimama hata mara moja. Baba alikuwa ananisubiri uwanjani na hotpoti ya kiburu, amevaa koti la kanisani. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Kwa hiyo kocha akikuambia bila nyama hakuna ushindi, mtajie Carl Lewis, mkimbiaji wa mbio fupi wa Marekani. Alianza kula mimea mitupu mwaka 1990, na mwaka 1991 pale Tokyo akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.86, rekodi ya dunia ya wakati huo, akiwa na miaka 30. Mwenyewe alieleza kwamba mwaka wake bora kabisa wa mbio ni ule wa kwanza wa kula hivyo. Akisema hizo ni mbio fupi, mtajie Scott Jurek wa Marekani, aliyeshinda Western States, maili 100 za milimani California, mara saba mfululizo kuanzia 1999 mpaka 2005. Akisema nguvu je, mtajie Patrik Baboumian wa Ujerumani, ambaye mwaka 2013 kule Toronto alibeba mabegani zaidi ya kilo 550 akatembea nazo mita 10.

Na majirani zetu wa Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya? Hawajaacha nyama, na chai yao ina maziwa, sitakudanganya. Lakini watafiti waliochunguza sahani za wakimbiaji wakubwa wa Kenya walikuta robo tatu ya nguvu yao inatoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mboga na maharage. Nyama ilikuwa kidogo sana. Chakula tunachokiita cha maskini ndicho kimewapandisha watu jukwaani Olimpiki.

Sasa wewe ule nini? Kula maharage. Kula makande, maana mahindi yana upungufu wa aina ya protini ambayo maharage yanayo, na maharage nayo hupungukiwa kile ambacho mahindi yanacho. Bibi zetu walivichanganya kabla ya maabara yoyote. Kula choroko, kunde, mbaazi, dengu, soya, karanga, ufuta. Kula maharage tena. Mwanamichezo anahitaji kama gramu 1.2 mpaka 2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15, kwa hiyo kijiko kimoja pembeni ya ugali hakitoshi. Jaza bakuli. Jaza na la jioni. Usiogope kushiba, mazoezi yanakula.

Na usile kwa hasira. Mimi nilikaa miaka miwili nikikimbia ili kumwonyesha mtu mmoja, mwili wangu unaisha na mimi naona ni ushujaa. Huo haukuwa ushujaa.

Kabla hujamjibu kocha, nenda kapime wingi wa damu. Ukipata majibu niandikie, hata ikiwa usiku.