"Put off" si "call off": vitenzi vya vipande viwili kwa anayepokea wageni Lamu

Mgeni ametuma ujumbe usiku: "Let's put off the Takwa trip." Anayejua kwamba "put" ni weka na "off" ni zima anabaki ameduwaa. Mwingine anadhani safari hiyo ya magofu ya Takwa imevunjwa, anaikodisha mashua kwa watu wengine, na kesho kutwa wageni wa kwanza wako gatini na kofia zao. "Put off" ni kuahirisha. Kuvunja safari kabisa ni "call off". Kwa anayekula kwa wageni, tofauti hiyo ni malipo ya siku nzima, hasa miezi ya kusi bahari inapochafuka na safari kusogezwa kila mara.

Kosa huanzia kwenye kutafsiri neno mojamoja. Nasi tunayo mambo hayo. Mzungu aliyeambiwa "piga" ni kumchapa mtu atafanya nini na piga pasi, piga mbizi, piga deki, piga makasia? Hapo hakuna aliyepigwa. Basi ichukue "put off" kama neno moja lililoandikwa kwa vipande viwili. Sisi tunabadili maana kwenye mkia wa kitenzi: funga, fungua, fungia, fungana. Kiingereza mara nyingi huifanya kazi hiyo kwa kijineno kinachosimama kando.

Vijineno vina tabia zao. "Up" aghalabu ni kumaliza: "drink up" ni kunywa mpaka tone la mwisho, "use up" kutumia kitu kikaisha. "Off" aghalabu ni kuachana: "take off" ni kuvua viatu mlangoni, na pia ndege kuruka pale Manda. Usiiegemee sana kanuni hii, lakini. Taa ikizimika, "it went off". Simu ikilia kukuamsha alfajiri, "it went off". Maziwa yakichacha, ni hivyo hivyo! Tazama kwanza kinachozungumzwa ni kitu gani, ndipo uamue maana.

Mpangilio ndio unaowaumbua wengi. "Turn off the fan" na "turn the fan off" zote ni sawa. Ukitumia "it", lazima ikae katikati: "turn it off". "Turn off it" ni kosa. Kumbuka "nimeizima", ile -i- nayo imebanwa katikati. Vipo visivyokubali kupasuliwa: ni "look after him", kamwe si "look him after". Hapa huna haja ya kukisia. Tafuta chini ya kitenzi chenyewe, kwani kamusi nyingi za wanafunzi huviweka vitenzi hivi mwishoni mwa maelezo yake. Kwenye baadhi yake, mshale wenye ncha mbili (↔) maana yake kitu kinaweza kuingia katikati.

Orodha ndefu za "get" tunazoziona zikinakiliwa madaftarini hazisaidii. Ukikariri "get up", "get on", "get over" na "get by" kwa mkao mmoja, ikifika magharibi zimeshachanganyika. Afadhali vitatu kwa siku, vya kazi moja: kupokea mgeni kuna "pick up", "check in" na "drop off". Tena usiandike "pick up = chukua". Andika sentensi nzima: "I'll pick you up at Manda at ten." (Na hiyo "ten" ni saa nne yetu. Wapo waliokwenda saa kumi.) Vingine vina neno letu moja linalovitosha kabisa: "we've run out of water" ni tumeishiwa maji, basi.

Katika kusema, kwa vile vinavyopasuka, mkazo huangukia kijineno zaidi: "turn it OFF". Wengi wetu hukaza "turn" na kummezea mgeni "off", naye anabaki kuuliza kama awashe au azime.