Seli zilizoshindwa mwanzo zitaiwezaje saratani sasa?

SWALI: Daktari, mdogo wangu ana lukemia ya seli B, nayo imerudi mara ya pili baada ya kemo. Tumeambiwa seli zake za kinga zitatolewa, zibadilishwe maabara, kisha arudishiwe. Kama seli hizo zilishindwa tangu mwanzo, zitaiwezaje saratani leo?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Seli T za mdogo wako, yaani askari wa kinga hao watakaotolewa, hazikukosa nguvu, zilikosa kumtambua adui. Seli ya saratani ni seli ya mwili iliyoasi huku bado imevaa sare ya nyumbani, kwa hiyo askari hupishana nayo bila kushtuka.

Matibabu haya huitwa CAR-T. Damu hupitishwa kwenye mashine inayobakiza chembe nyeupe na kurudisha nyingine mwilini. Maabara, virusi visivyoweza tena kuzaliana hutumiwa kuingiza jeni mpya ndani ya seli T. Jeni hiyo huifanya seli iote kipokezi kinachonasa CD19, protini iliyo juu ya seli B. Nje kipokezi kinanasa, ndani kinatoa amri ya kuua. Seli hizo huzalishwa kwa wiki kadhaa hadi zifike mamilioni. Kabla ya kurudishiwa, mgonjwa hupewa kemo ya siku chache ili seli za zamani ziwapishe wageni.

Sitakuficha, homa huwa kali. Seli zinapoanza kuua humwaga kemikali nyingi, na presha inaweza kushuka vibaya. Emily Whitehead, mtoto wa kwanza kutibiwa hivi, mwaka 2012 huko Philadelphia, alifikishwa chumba cha mahututi. Kilichomwokoa ni tosilizumabu, dawa ya baridi yabisi! Alipona, na mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba hiyo. Siku hizi tosilizumabu huandaliwa mapema.

Jambo jingine: CD19 iko pia kwenye seli B zisizo na saratani, nazo huuawa. Kwa kuwa seli B ndizo hutengeneza kingamwili, protini za kupambana na vijidudu, hizo hupungua, na wengine huhitaji kuongezewa kwa dripu kwa muda mrefu.

Mkikutana na madaktari wake, ulizeni kama saratani yake bado ina CD19. Baadhi ya seli za lukemia huivua protini hiyo, na hapo seli T mpya hukosa pa kushika.