Mtoto Hakusema Hivyo: Kwa Walimu Wanaoanza Uzamili wa Elimu Maalum

Jumamosi iliyopita walimu watatu wachanga walifika dakani kwangu hapa Lamu, kila mmoja akiwa na pendekezo lake la utafiti lililochapwa na kubanwa vizuri, wakaniomba niyasome kabla hawajayapeleka kwa wasimamizi wao. Niliwakaribisha kwa kahawa na halua, nikavaa miwani, nikaanza. Katika ukurasa wa 4 wa pendekezo la kwanza nilikuta kwamba wanafunzi wenye ulemavu wa viungo katika Kaunti ya Lamu huchelewa kufika shuleni kwa sababu ya nauli za matatu kupanda wakati wa mvua. Nilimtazama mwenyewe. Ni mzaliwa wa kisiwa cha Pate, hajapanda matatu kwenda shule maisha yake yote, na shule anayofundisha hufikiwa kwa miguu, kwa punda au kwa mashua. Alipoona nimenyamaza alicheka kwa aibu, akakiri kwamba aya ile aliitoa katika tasnifu ya mtu wa bara na kwamba alibadilisha jina la kaunti peke yake.

Siandiki haya kumfedhehesha, na ameniruhusu nimtaje bila jina. Naandika kwa sababu ni mwaka wa sita sasa nikiyaona makosa yale yale yakipita dakani kwangu, na kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya kubwa kuliko lake. Nyinyi mliokwisha kupitia stashahada pale KISE, yaani Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, Kasarani, mmeshafundishwa tathmini, IEP (mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja) na mengine yote, nami sitayarudia. Nitasema yale ambayo mtu huyajua akishaumia.

1. Tafuteni swali dogo. Kila ninayemuuliza mada yake hunijibu kwamba ni changamoto za utekelezaji wa elimu jumuishi katika shule za msingi za umma. Wanangu, tangu Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lililotaka watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao, changamoto hizo zimehesabiwa na kila mwenye kalamu: walimu hawatoshi, vifaa hakuna, madarasa yamefurika, jamii ina mtazamo mbaya. Hatuhitaji mtu avuke bahari na hojaji 200 ili aje kutuambia kwamba vifaa hakuna.

Angalieni mlivyozungukwa na maswali yenu wenyewe. Mtoto asiyeona hapa kwetu husoma breli ya Kiswahili asubuhi, na jioni huenda chuoni, yaani madrasa, ambako wenzake husoma msahafu kutoka kulia kwenda kushoto, hali breli ya Kiarabu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama breli nyingine. Mwalimu wa chuo anamfuataje mtoto ambaye vidole vyake vinaelekea upande mwingine na macho ya darasa zima? Hilo ni swali la uzamili. Au fungueni faili za IEP katika kitengo chochote cha elimu maalum mkaone malengo yalivyonakiliwa. Nilipata kuona kitengo ambacho watoto 7 walikuwa na lengo moja la muhula, yaani kufunga kamba za viatu bila msaada, na nilipochungulia mlangoni pa darasa niliona safu ya kandambili na makubadhi, wala hapakuwa na kiatu hata kimoja chenye kamba. Niliuliza lengo lile lilitoka wapi, nikaambiwa kwamba ndivyo ulivyokuwa mfano waliopewa kwenye semina. Nani ameandika kuhusu safari ya lengo lile la kamba kutoka semina hadi Lamu? Hakuna.

2. Sampuli. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, lile la kukadiria ukubwa wa sampuli, ni zuri kwa wenye maelfu ya watu, lakini mmoja wenu alikuwa na wanafunzi 10 wenye usonji, akalifungua jedwali kwa heshima zote, likamwambia achukue 10, naye akaandika aya mbili kueleza hesabu hiyo. Mkiwa na watu 10, semeni mtawachukua wote, kisha mwendelee na safari.

3. Lugha ya mtoto. Hapa ndipo nilipoungua, nami naomba mnivumilie nikirefusha.

Utafiti wangu ulihusu wanafunzi viziwi waliotolewa katika vitengo na kuketishwa katika madarasa ya kawaida. Nilikuwa na watoto 18. Nilikuwa nimewafundisha viziwi kwa miaka 9, na mtu akiniuliza kama naijua Lugha ya Ishara ya Kenya nilikuwa nikiitikia bila kusita, kwa kuwa darasani kwangu niliweza kufundisha hesabu, kukaripia, kusimulia na hata kutania. Sikujua wakati huo kwamba nilichokuwa nikitumia kilikuwa Kiswahili kilichovishwa ishara, neno baada ya neno, kwa mpangilio wa mdomo wangu, na kwamba wanafunzi wangu walikuwa wamejizoeza kunifuata kwa huruma, kama mwenyeji anavyomfuata mgeni anayeiboronga lugha yake. Kwa kuwa shule nilizozichagua hazikuwa zangu na watoto hawakunizoea, niliona ni busara kumwomba mwalimu wa darasa anitafsirie. Tazameni kosa lilivyojipanga: mwalimu ambaye kazi yake ndiyo iliyokuwa ikichunguzwa ndiye aliyemuuliza mtoto kama anaipenda kazi hiyo, na ndiye aliyeniletea jibu.

Kulikuwa na msichana wa miaka kama 12 ambaye katika tasnifu aliitwa Mwanafunzi wa Saba. Nilimrekodi kwa simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya maji juu ya dawati. Aliulizwa kama anapenda kukaa katika darasa la watoto wanaosikia. Mikono yake ilijibu haraka: kupenda, kukaa, hapa. Mwalimu akaniambia, "Anasema anapenda sana kukaa hapa, ana marafiki." Nikaandika. Usiku ule, nikiwa katika nyumba ya wageni, niliirudia video, nikaisoma mikono mwenyewe, nikaziona ishara zile zile tatu, nikaridhika kwamba tafsiri ni sahihi. Hao marafiki sikuwaona popote mikononi, lakini nilijiambia kwamba labda kasi ilinipita. Jibu hilo likaingia katika sura ya nne, likawa dondoo ambalo msimamizi wangu alilipenda kuliko yote, nami nikalipandisha hadi kwenye ikisiri.

Tasnifu ikiwa imebakiza wiki chache kuwasilishwa, msimamizi aliniagiza nimwoneshe video hizo mkufunzi mmoja wa Lugha ya Ishara, ambaye mwenyewe ni kiziwi, ili azithibitishe tafsiri. Nilikwenda bila wasiwasi wowote, nikidhani ni kutimiza utaratibu. Tuliketi kwenye kantini, nikamnunulia chai na mahamri, nikamkabidhi simu. Alipofika kwa Mwanafunzi wa Saba aliitazama video, akairudisha nyuma, akaitazama tena, kisha akachukua kalamu yangu na kuandika nyuma ya risiti ya fotokopi: "Mtoto hakusema hivyo."

Nilimwonesha mikono: kupenda, kukaa, hapa. Akakubali. Kisha akaisimamisha video na kuelekeza kidole usoni pa msichana, akaiachilia polepole. Kichwa kilikuwa kikitikisika, kidogo tu, kulia na kushoto, tangu ishara ya kwanza hadi ya mwisho, na nyusi zilikuwa zimekunjamana. Anayeijua lugha ile hangojei ishara ya kukana ilhali kichwa kimekwisha kukana. Mtoto alikuwa amesema hapendi kukaa pale. Alisema mbele ya mwalimu wake, mbele ya mgeni na mbele ya simu, kwa ujasiri ambao sijui kama ningekuwa nao nikiwa na umri wake, na watu wazima wawili wenye vyeti waliigeuza kauli yake juu chini papo hapo.

Tulizipitia video zote 18 kwa siku mbili. Katika 11 tafsiri ilikuwa na kitu kilichopungua au kilichoongezwa, na katika 5 miongoni mwa hizo ilikuwa kinyume kabisa. Mvulana mmoja alipoulizwa kinachomsumbua alieleza, kwa urefu na kwa mifano, kwamba mwalimu huzungumza huku akiandika ubaoni na kuwapa mgongo, kwa hiyo yeye hubaki akiitazama shati lake. Katika daftari langu palikuwa pameandikwa: "Ubao ni mdogo." Walimu wale siwalaumu. Walikuwa na madarasa makubwa na ishara chache walizookota njiani, na wote walidhani wananisaidia. Aliyekuwa na wajibu wa kujua ni mimi.

Nilipoteza mwaka mzima. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kilikwisha nikaomba kingine, ada ikaongezeka, mkopo wa sako ukawa mrefu kuliko tasnifu yenyewe, na mume wangu akazoea kuwaambia wageni kwamba ninasomea kuhitimu. Sehemu kubwa ya mwaka huo niliitumia nikiketi na viziwi watu wazima, nikiwatazama wakibishana juu ya mpira na bei ya samaki, nikijaribu kuchangia na kuchekwa. Niliporudi shuleni nilikuwa na mtafiti msaidizi kiziwi, naye ndiye aliyeuliza maswali. Mwanafunzi wa Saba alinitambua. Kabla hatujaanza alinigeukia mimi akaniuliza mbona namuuliza tena, hali alikwisha kunijibu. Nilikuwa na maelezo mengi ya kitaaluma na sikujua hata moja la kulitia mikononi.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeandika katika sura ya tatu kwamba mwalimu wa darasa "atasaidia kutafsiri inapobidi", usinikasirikie kwa ule wino mwekundu. Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya. Usiichukulie kama kifaa cha kuazima kwa siku moja. Mkalimani asiwe mtu ambaye jibu linamhusu. Kamera imchukue mtoto kuanzia kiunoni hadi utosini, na katika unukuzi uso upewe mstari wake juu ya mstari wa mikono. Kiziwi wa pili azipitie video bila kuoneshwa tafsiri ya kwanza. Mlio na watoto wasiozungumza wala kuashiria, jifunzeni kuuliza kwa picha na kwa vitu, na jaribuni kwanza maswali ambayo majibu yake mnayajua, ili muone kama mtoto anachagua au anaifurahisha mikono yenu.

4. Siri. Mwalimu wa tatu alikuwa ameandika kwa fahari kwamba majina yote yatafichwa, kisha akaeleza mfano wa "msichana mwenye mtindio wa ubongo, mwenye miaka 14, binti wa nahodha", akataja na kijiji. Nilimuuliza Faza ina wasichana wangapi wa aina hiyo. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia kwenye kidole cha kwanza. Katika visiwa vyetu herufi ya kubuni haimfichi mtu, kwa hiyo badilisheni pia umri, kazi ya mzazi na kijiji, na mseme katika sura ya tatu kwamba mmefanya hivyo. Kuhusu video na picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na ridhaa hiyo haipatikani kwa kumpa mama karatasi tatu za Kiswahili cha ofisini atie dole gumba. Msomeeni kwa Kiamu au kwa lahaja yake, mngojeni amshauri mumewe au mama mkwe, mrudi siku ya pili. Mama aliyeniambia "njoo kesho" alinipa mengi kuliko wote waliotia sahihi wakiwa wamesimama.

5. Mengine kwa ufupi. Pangeni safari za Pate na Kizingitini kwa maji kujaa na kupwa, kwa sababu mkondo wa Mkanda hauijui ratiba ya chuo kikuu. Msianze kukusanya data Ramadhani. Kibali cha NACOSTI kipelekeni kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na kwa Kamishna wa Kaunti kabla ya kumsalimu mwalimu mkuu yeyote. Ruhusa ya masomo ya TSC, mwajiri wetu walimu, iombeni mapema kuliko mnavyodhani ni mapema. Msimamizi asipojibu barua pepe wiki tatu, mtumieni sura nyingine badala ya kumtumia malalamiko. Na alfa ya Cronbach, kile kipimo cha uthabiti wa hojaji, iliyotokana na majaribio ya awali ya walimu watano msiitembeze kama cheti cha ndoa.

Yule wa matatu ameahidi kurudi Jumamosi na ukurasa wa 4 mpya. Yule wa mkalimani nimemwambia asije na faili. Aje baada ya alasiri tushuke pamoja hadi gatini, ambako kuna kijana kiziwi fundi wa mashine za boti ambaye huwa na subira na wanafunzi wangu, na aje amejiandaa kuketi saa mbili bila kutumia mdomo.