Barua kwa mwanangu: kuhusu ile Corolla yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata Jumanne. Umeniuliza jambo moja tu: kuna mteja anatoa milioni saba kwa ile Corolla, umpe au umsubiri wa milioni nane. Nilitaka kukujibu palepale, nikaona haya si maneno ya kuandika kwa kidole gumba. Nimechukua kalamu. Kaka yako ataipiga picha barua hii akutumie.

Bei za Dar mimi siziwezi. Dalali yeyote wa huko atakueleza vizuri kuliko mimi. Ninachotaka kujua ni kitu kingine: siku ulipoamua kuliuza, lilikuwa limekufanya nini? Maana mwishoni umeandika kwamba lilikuzimikia Kimara usiku, mvua inanyesha, mjukuu wangu yumo ndani. Hapo moyo wangu ukashtuka. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo, kitu hakiuzwi siku kilipokukera.

Unajua ninakoelekea. Ni lile gari letu la zamani, Peugeot 504.

Wiki iliyopita tulivuka kwenda Busisi msibani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 sijazoea bado. Kilometa tatu juu ya maji, dakika tano umeshafika ng'ambo, na sisi tulikuwa tunaweza kukaa saa mbili kwenye foleni ya pantoni pale Kigongo tukila mahindi ya kuchoma. Mama yako alikuwa anafurahia upepo. Mimi nilikuwa naangalia kule chini, pale pantoni ilipokuwa ikitua, na sikusema neno mpaka tulipofika msibani.

Lile gari nililinunua 1989 kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Peugeot 504 stesheni, viti safu tatu, gia kwenye usukani. Watu walikuwa bado wanasimulia jinsi 504 ilivyochukua mashindano ya Safari Rally 1975 ikachukua tena 1978, na mimi nikipandisha nalo mlima wa Bugando nilikuwa nasikiliza ile injini nikitabasamu peke yangu. Ndilo lililokutoa wodini 1991, bibi yako kakupakata safu ya nyuma kabisa. Kiti hicho kilipokuja kuchanika, ni bibi huyohuyo aliyekishona, kwa uzi wa buluu wa nyavu aliokuja nao kutoka Busisi. Mishono mifupi mifupi, imebanana, na fundo moja kubwa mwishoni. Wewe ulikuwa ukikaa hapohapo, unachomeka kidole chini ya ule uzi, hatufiki Buhongwa umelala.

Sasa 1997. Tumewachukua wakwe wa shangazi yako kutoka Misungwi, wamependeza, vitenge vipya, na gari likachemsha kabla hatujafika Usagara. Mvuke ulijaa barabara nzima. Mama mkwe wa dada yangu alitembea kwa miguu juani, viatu kavishika mkononi, na hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

Ilikuwa gasketi ya tatu kuungua mwaka ule, ile inayozibia kati ya injini na hedi yake. Fundi wangu wa Igoma alikuwa ameniambia mara zote: mzee, hedi ya gari hii, hiki kichwa cha injini, ni alumini, ikichemsha inapinda. Ipeleke kwenye mashine ikasawazishwe, la sivyo utanunua gasketi mpaka uchoke. Mimi nikadhani anatafuta njia ya kunila hela. Nikawa namwambia abadilishe gasketi tu, afunge.

Kesho yake asubuhi, hasira haijanitoka, akatokea mtu na laki tisa na nusu. Sikubishana naye hata elfu kumi. Nikampa kadi, nikampa funguo zote mbili. Kiti cha nyuma sikukiangalia.

Uliporudi shule ukauliza gari liko wapi. Nikakwambia linaumwa, liko kwa fundi. Ulikuwa unaniuliza kila siku ya Mungu kama fundi amemaliza. Halafu ukaacha kuuliza, nami nikaona yamekwisha.

Mwaka uliofuata, barabara zimeharibiwa na mvua za El Niño, tunakwenda kwa bibi kwa basi. Abiria wote wameshuka wanangoja pantoni pale Kigongo. Mkono wako ukanitoka. Nikageuka, nakuona unakimbia katikati ya magari, unafungua mlango wa stesheni moja iliyopakwa rangi ya kijani, unaingia mpaka nyuma. Mimi nilikuwa nimelipita lile gari bila kulitambua. Wewe ulilitambua na rangi yake mpya. Nilipofika dirishani ulikuwa umeshakaa, kidole kiko chini ya uzi wa buluu.

Mwenye gari alicheka tu. Akasema mwache mtoto akae, tutavuka naye. Nikasimama kando yake hadi ng'ambo, na kwa kuwa sikuwa na la kuzungumza nikamuuliza linamsumbua nini. Akasema halina tatizo. Alipolinunua alipeleka hedi kwenye mashine, ikasawazishwa, basi. Anapakia abiria wa Geita kila siku.

Tulipofika Busisi nikakushusha. Ukaniangalia, ukasema, "Baba, kumbe limepona!"

Ulifurahi sana, mwanangu. Na mimi sikukujibu. Sijui kama unakumbuka. Mama yako anasema watoto hawakumbuki mambo hayo, lakini yeye hakuiona sura yako.

Nisijilaumu mno. Spea zilikuwa ghali kweli, na huenda hata hedi ingesawazishwa kingeharibika kingine. Ningeling'ang'ania lingeishia uani, kuku wanataga ndani, kama tulivyoona kwa majirani wengi. Na ile Toyota ya kutoka Dubai niliyonunua baadaye haikunisumbua hata siku moja. Ilikuwa sahihi kununua Toyota. Lakini namba ya Toyota hiyo siikumbuki, na ya 504 ninaweza kukutajia sasa hivi. Kwa hiyo sijui. Mtu akiniambia nilikosea kuuza, nitambishia. Akiniambia nilifanya vyema, nitambishia zaidi. Ninachojua ni kwamba niliuza nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya gari. Niliona aibu mbele ya wakwe, gari likalipia.

Basi, nikwambie uuze au usiuze? Wewe ni mtu mzima na mshahara ni wako. Milioni saba si haba kwa gari la umri ule, na mteja mwenye fedha taslimu hasubiri. Ningekuwa mimi... hapana, naacha. Ila fundi akwambie kwanza kwa nini lilizima. Usimwambie abadilishe tu, afunge. Mwache afungue akuoneshe kwa macho yako. Pengine ni waya wa elfu ishirini. Halafu ngoja wiki mbili jua liwake, uliendeshe mpaka Bagamoyo na kurudi, ndipo umpigie mteja wako. Kitu hakiuzwi siku kilipokukera, nitakisema hiki mpaka mnizike.

Na mjukuu wangu, je? Hukuniandikia kama anajua. Anakaa upande gani huko nyuma? Ukishaamua kuuza, mwambie limeuzwa, na umwambie kabla mtu hajaja kulichukua. Akilia, alie. Usimwambie linaumwa.

Mama yako anakusalimu. Dagaa wamekauka vizuri safari hii, atawatuma kwa basi la Jumamosi.

Ni mimi baba yako,
Mwanza