Shule ina darubini, wanafunzi wajifunzeje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huku Likoni. Tumejenga chumba cha darubini juu ya paa, lakini wanafunzi hupanga foleni, kila mmoja huchungulia kidogo, kisha hushuka ngazi na mambo yakaishia hapo. Tufanyeje ili wajifunze astronomia kikweli?
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, maana anayechungulia mara moja hajachunguza kitu. Mpe kila mwanafunzi daftari, penseli na kazi moja ya kudumu nayo. Mimi ningeanza na sayari ya Mshtarii (Jupita), wakati inapoonekana jioni. Kando yake kuna miezi minne, Io, Europa, Ganymede na Callisto, ambayo Galileo, mwanaastronomia wa Italia, aliigundua mnamo Januari 1610 kwa darubini ndogo sana. Mwanafunzi achore duara, atie nukta pale anapoiona miezi hiyo, aandike tarehe na saa. Kesho yake, saa ile ile, atazikuta nukta zimehama. Io huizunguka sayari yake kwa muda wa siku 1.77, ilhali Callisto huchukua karibu siku 17, na darasa lenye subira linaweza kuikadiria mizunguko hiyo kutokana na michoro yake lenyewe. Usiku mwingine ataona nukta tatu tu na kudhani amekosea. Nakusihi usiharakishe kumjibu: mwache afikirie mwenyewe kwamba huenda mwezi mmoja umepita mbele ya Mshtarii, au umejificha nyuma yake.

Kuhusu chombo chenyewe, Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kile kitako ambacho mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota huonekana kupazunguka, hapa hulazimika kulala karibu sawa na ardhi, na vingi havishuki kiasi hicho. Kitako cha mbao kinachozunguka kushoto na kulia, huku darubini ikiinuka na kushuka, kitawafaa zaidi. Ifunikeni mara tu mmalizapo, kwani hewa ya bahari huleta umande na chumvi kwenye kioo, na kamwe asiielekeze mtu kwenye jua pasipo kichujio maalumu kwenye mdomo wa mbele wa darubini, kwa sababu jicho hupofuka papo hapo.

Msimu wa kaskazi, kundi la nyota la Kilimia linapokuwa juu jioni, kila mwanafunzi azihesabu nyota zake kwa macho, kisha kwa darubini, na aziandike hesabu zote mbili kabla hajamuuliza mwenzake.