Unaanza kemia? Usiidharau topiki ya chumvi na maji

Wadogo zangu mnaoanza kemia, topiki ya umumunyifu (yaani kitu kinayeyuka kiasi gani kwenye maji) watu wanaichukulia poa sana, eti ni chumvi na maji tu nani asiyejua, afu mtihani ukija hapohapo ndo wanapoanguka. Nimeifundisha muda sasa na kila mwaka naona watu wanachanganya vitu viwili, kuyeyuka HARAKA na kuyeyuka KWA WINGI. Ukisaga chumvi ikawa unga, au ukikoroga, itayeyuka haraka sawa, ila kiasi cha mwisho kinachoingia kwenye maji hakiongezeki hata punje. Maji gramu 100 kwenye nyuzi 20 yanabeba chumvi kama gramu 36 basi, koroga mpaka mkono uume, ukizidisha hapo inabaki chini.

Kinachobadilisha kiasi ni joto, na hapa nako msikariri kwamba joto likipanda kila kitu kinayeyuka zaidi. Chumvi ya kawaida, yaani sodiamu kloraidi, ipeleke mpaka nyuzi 100 inafika kama 39 tu, umechoma gesi bure. Potasiamu naitreti ndo balaa: nyuzi 20 ni kama gramu 32, nyuzi 60 ishafika 110 hivi. Ndo maana hiyo ukipooza myeyusho fuwele (punje ngumu za chumvi) zinashuka zenyewe, ila chumvi ya kawaida ukitegemea kupooza utasubiri sana, hiyo unakausha maji. Kalsiamu haidroksaidi inaenda kinyume kabisa, maji ya moto inayeyuka kidogo kuliko ya baridi. Gesi nazo hivyohivyo, oksijeni kwenye nyuzi 0 ni miligramu 14 na kitu kwa lita, nyuzi 20 imeshuka mpaka 9 hivi, samaki wanaijua hiyo kuliko sisi.

Sasa kwa nini chumvi inakubali maji? Molekuli ya maji upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni una chanya kidogo, kwa hiyo ayoni (chembe yenye chaji) ya sodiamu inazungukwa na zile oksijeni, ya kloraidi inazungukwa na haidrojeni, zinang'olewa mojamoja kwenye fuwele. Ni mchezo wa kuvuta kamba, ayoni zinavutana zenyewe na maji yanavuta kwake. Kwenye silva kloraidi maji yanashindwa, lita nzima inachukua kama miligramu 2, kwa hiyo kitabu kikisema "haiyeyuki" elewa ni kidogo mno, sio sifuri. Mafuta je? Wengi wanasema maji yanayachukia, hapana bana, ni kwamba molekuli za maji zimeshikana zenyewe kwa nguvu na mafuta hayana chaji ya maana ya kuzishawishi ziachiane. Yatie kwenye heksani, kimiminika ambacho nacho hakina chaji ya maana, uone, yanaingia bila ubishi.

Zile kanuni za chumvi zipi zinayeyuka, anza na hizi: naitreti zote zinayeyuka, na za sodiamu, potasiamu na amoniamu zote zinayeyuka. Hizo tu zinakubeba sana. Mtu akichanganya silva naitreti na sodiamu kloraidi ikatokea kitu cheupe, sodiamu naitreti haiwezi kuwa hiyo, imebaki nani? Baada ya hapo ndo ushike kloraidi, zinayeyuka toa ya silva na ya ledi (ya ledi ina ujanja, kwenye maji ya moto inayeyuka), salfeti toa bariamu na ledi, kalsiamu kidogo sana. Kaboneti geuza, haziyeyuki isipokuwa za wale watatu wa juu.

Mahesabu sasa, na hapa soma swali taratibu jamani. Grafu ya umumunyifu inakupa gramu kwa kila gramu 100 za MAJI, ila swali linapenda kukupa gramu za myeyusho. Potasiamu naitreti 110 ndani ya maji 100 ni myeyusho wa 210, sio 100. Kwa hiyo ukipewa gramu 105 za myeyusho uliojaa (usioweza kubeba zaidi) kwenye nyuzi 60, maji humo ni 50 na naitreti ni 55, ukipooza mpaka 20 maji 50 yanabaki na 16, zinazoshuka ni 39. Anayekimbilia 110 toa 32 anaandika 78 na anatoka kwenye mtihani anacheka.