Mjomba ana gari, lakini gari si lake

Mpwa wangu wa Kondele, Kisumu, ameniuliza mbele ya ukoo mzima, kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: "Mjomba, unalipwa laki tatu na ushei kwa mwezi, gari unalo, mbona kila siku unalia huna kitu?" Haya, nitajibu bila kuficha.

Mshahara wangu ni pauni 25,000 kwa mwaka, kima cha chini cha visa yetu sisi tunaohudumia wazee huku Uingereza tangu Aprili 2025. Ukiugeuza shilingi unapendeza. Lakini kodi, bima ya taifa na pensheni hukatwa kabla sijaona senti, na kinachofika benki ni kama pauni 1,700 kwa mwezi. Pango 750. Kodi ya baraza la mji 110. Umeme na gesi, mia. Chakula 200, na nyama ni ya Jumapili. Gari, ukiweka bima na mafuta, linakula karibu 400, na siwezi kuliacha kwa sababu wazee wangu wametawanyika, kila mmoja kwake. Tena hilo gari mnalolisifia kwenye picha ni la kampuni ya mkopo mpaka nimalize kulilipa.

Kinachobaki hakifiki pauni 150, na hapo sijamtumia mtu hata shilingi.

Ndiyo maana sijipimi kwa mshahara. Najiuliza: kazi ikikatika leo, nitakula miezi mingapi bila kukopa? Kwangu ni mwezi na siku kidogo. Na visa yangu imefungwa kwa mwajiri. Akiniachisha, kwa kawaida napewa siku 60 nipate mwingine au nifunge virago. Msaada wa serikali hii siruhusiwi kuugusa.

Sasa mtazame mama yako. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye. Nyumba ni yake, akiba iko sacco, deni la chama chao cha kukopeshana alishamaliza. Uvuvi wa omena unapofungwa, Aprili hadi Julai, mnakula tu na karo inalipwa. Kwa kipimo hiki dada yangu ndiye tajiri, ingawa nikija Desemba mtataka soda nilipe mimi.

Kuhusu malipo ya kwanza ya bodaboda uliyoniomba: mwaka huu hapana, nataka kwanza akiba ya miezi mitatu. Ukiichukua kwa mkopo, usiulize malipo ya kila siku pekee. Uliza jumla mpaka mwisho, halafu mwonyeshe mama yako hesabu hiyo kabla hujatia sahihi.